Siku Tuliyopeleka Maboya ya Ndege Timau

Mtu akiniuliza kazi yangu nikamjibu kwamba natengeneza ndege zinazotua majini, hunitazama kwanza usoni aone kama namtania. Nyeri haina ziwa. Tuna mito ya baridi inayoshuka mlimani na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, basi. Lakini nje ya mji kuna uwanja mdogo wa ndege, na pembeni mwake kuna karakana ambamo nimefanya kazi tangu nilipoacha kutengeneza matangi ya maji ya kuuza. Mara chache kwa mwaka hutua hapo ndege iliyovaa maboya mawili chini ya tumbo, marefu kama mitumbwi iliyofunikwa, yenye magurudumu madogo ya kuiwezesha kutua hata nchi kavu.

Anayezijua ndege hizo ni mkuu wangu wa kazi. Watu wote humwita Injinia. Mimi humwita Mama, kwa sababu ni rika la mama yangu na kwa sababu nimekula sana chakula chake. Ni mzaliwa wa Nyeri mjini, wa zile familia za Kiislamu zilizochanganyika miaka mingi, nyanya Mkikuyu, babu aliyetoka mbali na cherehani yake. Kiswahili chake ni cha nyumbani. Changu ni cha shule na soko, na hadi leo nikisema "kitabu yangu" hutua kazi kidogo, akangoja nijirekebishe, kisha akaendelea kufunga nati.

Huvaa ovaroli ya buluu na kitambaa cha kichwa alichokibana vizuri chini ya kofia kisije kikanaswa na drili. Hapendi kelele. Kitu kikiharibika hatoi maneno makali wala hamlaumu mtu. Hukisogelea tu, akakiangalia kwa muda mrefu kuliko ambavyo wewe ungeweza kuvumilia.

Ndege ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya madaktari wanaohudumia watu wa visiwani na kando ya Ziwa Turkana. Rubani wake ni Mmeru wa huko Timau, mtu mzima mwenye sauti nzito na mvi nyingi, tuliyezoea kumwita Kapteni. Ilitua kwetu asubuhi moja ya baridi, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa ndio kwanza umeinuka. Kapteni alishuka akinyoosha mgongo.

"Injinia, hapa chini kuna mahali panavuja kidogo," alisema. "Niwekee kiraka. Madaktari wanaanza safari ya chanjo hivi karibuni."

Mama alimsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akachuchumaa chini ya boya la kushoto. Alifungua kizibo kidogo cha kutolea maji, matone machache yakamdondokea kiganjani. Akayagusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Magadi," alisema. "Yamekaa humu siku nyingi."

Maji ya ziwa lile yana magadi, na magadi hula alumini kama mchwa anavyokula mlango wa choo. Alumini haishikwi na kutu nyekundu kama ya jembe. Yake ni unga mweupe, na huanzia mahali ambapo macho hayafiki: chini ya rangi, kwenye mapindo ya bati, kuzunguka vichwa vya ribiti, ile misumari mifupi ya kuunganisha bati na bati. Kwa nje utaona malengelenge madogo tu ya rangi. Ukiyapasua, ndani bati limekuwa majani ya kitabu kilichonyeshewa.

Kwanza tuliiosha. Tulitumia maji ya mfereji, vuguvugu, tukianzia chini kwenda juu, kisha tukairudia kutoka juu kwenda chini. Hakuniruhusu kugusa alumini kwa brashi ya chuma, kwa sababu chembe za chuma hubaki kwenye bati na kuanzisha uharibifu mpya. Baada ya hapo tuliinyanyua ndege kwa mnyororo, tukayavua maboya na kuyalaza juu ya magodoro ya zamani. Mama akafungua vifuniko vyote vya juu, akaingiza tochi na kioo kidogo chenye mpini.

Boya limegawanywa ndani kwa kuta, linakuwa na vyumba vilivyofuatana. Kazi ya kuta hizo ni moja. Chumba kimoja kikitoboka, maji yaishie humo humo, na vyumba vingine viendelee kuibeba ndege. Kapteni alikuwa anazungumza habari za sehemu inayovuja chini. Mama alikuwa anaangalia kuta.

"Njoo uone," aliniambia.

Nilitazama kwenye kioo. Pale ukuta wa kati ulipokutana na mkuku, ule uti wa mgongo wa boya chini kabisa, dawa ya kuzibia ilikuwa imekauka na kubanduka kama ngozi ya kidonda. Unga mweupe ulikuwa umelala kwenye kona yote.

Alimwita Kapteni, akamwonyesha. Akamwambia kwamba kiraka cha nje ni kazi ya mchana mmoja, lakini yeye hawezi kuiruhusu ndege irudi majini na kuta za namna ile. Alitaka kufungua mkuku, kukata bati lililooza, kuweka jipya, na kuziba kuta zote upya.

"Hiyo itachukua muda gani?" Kapteni aliuliza.

"Muda wake."

Kapteni alicheka, lakini si kwa furaha. "Injinia, mimi niko na hii ndege miaka mingi. Imetua kwa mawimbi, imetua kwa upepo. Hizo kuta za ndani tutaona mwaka ujao. Kuna watoto huko wanangoja chanjo."

"Ni hao hao ninaowafikiria," Mama alisema. "Siku moja utarudi na mmoja wao mgonjwa, na mama yake, na muuguzi."

"Ati unadhani sijui kazi yangu?"

"Unaijua sana. Ndiyo maana nataka uendelee kuifanya."

Aliondoka bila kuaga. Nilimwona akivuka uwanja kuelekea barabarani, mikono mifukoni, na nikamwonea huruma, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi watu. Mama naye alienda kwenye chumba cha vifaa, akaswali adhuhuri yake, akarudi na msumeno wa bati.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nimheshimu mwanamke huyu kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Kupiga ribiti kunahitaji watu wawili. Mmoja yuko nje na bunduki ya upepo inayogonga kichwa cha ribiti. Mwingine yuko ndani ameshikilia kipande kizito cha chuma nyuma yake, ili mkia wa ribiti ujibonde na kukaza. Anayeumia ni wa ndani, kwa kuwa mtikiso wote unaishia mkononi mwake. Mkono wangu ni mnene, haukupita vizuri kwenye matundu ya vifuniko. Wake ulipita. Basi mchana baada ya mchana alilala kifudifudi juu ya boya, mkono umezama mpaka begani, shavu limebanwa kwenye bati baridi, nami nikigonga kutoka chini. Hatukuonana. Akibisha mara moja kwa ndani, maana yake ribiti imekaa vizuri. Akibisha mara mbili, tuirudie. Mara nyingi mimi ningeikubali ile aliyoikataa.

Jioni mkono wake ulikuwa na alama za buluu kuanzia kiwiko kwenda juu. Nilimwambia apumzike walau siku moja.

"Nikipumzika nitausikia unauma," alinijibu. "Acha kwanza."

Bati lilipokamilika tulilipaka dawa ya kuzuia kutu, tukalipaka rangi, kisha akaanza kuziba kuta. Hiyo alifanya peke yake, kwa kidole kilichovikwa glovu, akiipapasa kila kona kama mtu anayepaka mtoto mafuta.

Kapteni alirudi siku hizo. Hakuomba radhi. Alileta mfuko wa viazi vya kwao, akauweka mezani, akazunguka maboya mara kadhaa. Kisha akauliza tutajuaje kama yamezibika, maana kuyajaribu ziwani ni mbali.

"Tungepata maji yaliyotulia ningekuwa na amani," Mama alisema.

"Ndugu yangu ni msimamizi kwa shamba ya ngano pale Timau," alisema Kapteni. "Wako na bwawa kubwa. Trekta ya kunyanyua iko."

Hivyo ndivyo tulivyojikuta kwenye lori, maboya mawili yamefungwa pamoja kwa vyuma vyake na kuviringishiwa mablanketi, tukipita Kiganjo na Naro Moru, mlima upande wetu wa kulia ukijificha na kujitokeza. Nanyuki, polisi kwenye kizuizi alitusimamisha akauliza ni nini. Kapteni akamwambia ni viatu vya ndege. Yule polisi alifunua blanketi, akatazama, akalifunika tena taratibu na kuturuhusu.

Bwawa lilikuwa katikati ya ngano iliyoanza kugeuka rangi. Maji yake hutoka mlimani, na ukitia mkono unaona vidole vinakataa kukunjika. Wanawake wa shamba la maua la jirani, waliokuwa kwenye mapumziko ya chai, walikuja ukingoni na vikombe vyao kutazama. Trekta iliyateremsha maboya majini polepole. Tuliweka mbao juu yake, kisha ndugu yake Kapteni akatupa magunia ya ngano, tukayapanga mpaka uzito ukakaribia wa ndege yenye abiria wake. Maboya yalizama hadi pale yalipotakiwa kuzama, yakatulia.

Kapteni alianza kutabasamu. Mama alikuwa bado.

"Sasa tujaze chumba kimoja maji," alisema.

"Kujaza kwa makusudi?"

"Nataka kuona ukuta ukifanya kazi yake."

Walileta mpira wa kumwagilia na pampu. Mama alivaa jaketi la kuokolea, akapanda juu ya maboya, akafungua kifuniko cha chumba cha kati na kuingiza mpira. Mimi siwezi kuogelea, naye hawezi, kwa hiyo Kapteni alisimama majini hadi kifuani, ameshika kamba, akitetemeka. Chumba kilijaa. Boya la kushoto lilishuka kidogo upande huo, likabaki linaelea. Wanawake wa maua walinong'onezana. Mama alifunga kile, akafungua kifuniko cha chumba cha jirani ili amulike ndani, na hapo upepo wa mlimani ukapiga. Gunia moja liliteleza. Boya likayumba, naye akaanguka majini huku tunamtazama.

Kapteni alimfikia haraka, akamshika jaketi kwa nyuma na kumvuta mpaka kwenye matope ya ukingo. Kofia ilikuwa imekwenda, kitambaa cha kichwa kimemganda usoni. Mwanamke mmoja wa maua alimvua ovaroli huku wenzake wamemzunguka kumsitiri, wakamfunika mablanketi yale ya lori, wakampa chai. Wa kwanza kusemeshwa nilikuwa mimi.

"Uliona ndani?" meno yake yaligongana. "Kulikuwa na maji?"

Hakuna aliyekuwa ameona. Kapteni alipanda mwenyewe, akamulika ndani.

"Kuna maji kidogo chini," alisema. "Lakini ni haya umeingiza ukianguka. Kifuniko kilikuwa wazi, maji ikaruka ndani. Injinia, umefanya kazi nzuri. Twende nyumbani upate joto."

Yalikuwa maelezo ya kuaminika kabisa. Mimi niliyakubali papo hapo, na nadhani watu wote pale waliyakubali. Madaktari walikuwa wanapiga simu kila siku. Mama alikuwa na baridi. Angesema ndiyo, hakuna ambaye angemhukumu.

Alikunywa chai yake.

"Huenda ni hivyo," alisema. "Kausheni kwa kitambaa, mfunge, tungoje."

Tulikausha, tukafunga, tukangoja. Wanawake wa maua waliitwa kazini wakaenda shingo upande, wakimwachia sweta na leso. Ngano ilivuma. Kapteni alikaa karibu yake kwenye nyasi, wakaanza kuzungumza habari za watoto wao, wa Kapteni aliyeko mji wa Kenol anayeuza vipuri vya magari, na wa Mama anayesoma. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakizungumza jambo lisilokuwa ndege.

Jua lilipohama upande wa pili wa bwawa, Mama aliinuka, akapanda tena akiwa na sweta la mtu na leso aliyoazimwa kichwani. Nilimshikia kamba. Alifungua, akamulika, akapitisha kidole kwenye kona ya chini. Kisha akakiinua kidole juu tukakiona kinang'aa.

"Ni ukuta," alisema. "Na hii kona niliziba mimi. Ni mkono wangu."

Alisema kwa sauti ile ile ambayo angesema mvua imeanza. Kapteni alipanda naye akaingiza kidole chake. Nilimwangalia usoni. Nilitarajia hasira, au ule ushindi mdogo ambao mtu hupata mwenzake anapokosea. Alijifuta kidole kwenye suruali.

"Turudi Nyeri," alisema. "Nitawapigia madaktari mimi."

Njiani Mama alilala, kichwa kwenye dirisha la lori. Kesho yake alibandua kona ile yote, si mahali palipovuja pekee, akaanza upya. Aligundua kwamba baridi ya asubuhi ilikuwa imeizuia dawa kushika, basi safari hii tuliwasha jiko la makaa upande wa pili wa karakana, mbali na rangi, tukaacha bati lipate joto la mkono kwanza. Alifanya vivyo hivyo kwa kona nyingine zote, hata zile zilizokuwa kavu. Tulirudi Timau. Chumba kilijazwa, vya jirani vikabaki vikavu tangu asubuhi mpaka wanawake wa maua walipotoka kazini. Mmoja aliuliza kama yule mama ataanguka tena leo. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Ndege ilirudi kaskazini. Msimu wa mvua za vuli ulipokuwa unaisha, Kapteni alimpigia Mama simu, nami nilikuwa karibu nikasikia sauti yake nzito ikitoka kwenye kipaza sauti. Alikuwa ametua karibu na kisiwa akiwa na muuguzi na mwanamke mja mzito, na boya la kushoto lilikuwa limegonga nguzo ya nyavu iliyozama. Bati lilipasuka. Chumba kimoja kilijaa.

"Kimoja tu," alisema. "Ndege iliinama kidogo. Nikaendesha pole pole mpaka ufukweni. Huyo mama alishuka na viatu vikavu. Amejifungua jana, msichana."

Mama aliketi kwenye kasha la vifaa. Alimwambia alhamdulillahi, mara mbili. Kisha akamuuliza kama wameisuuza.

Tuliwafuata ziwani kwa gari, safari ndefu ya jua na vumbi, vifaa vyetu nyuma. Kuziba ule mpasuko hakukuwa kazi kubwa. Kilichomsumbua Mama ni maji. Alikuwa amesisitiza miaka yote kwamba ndege isuuzwe kwa maji matamu kila jioni, na sasa alikuwa amesimama mahali ambapo wanawake wanapanga madumu kwenye kisima kimoja tangu alfajiri. Alitazama foleni ile kwa muda.

"Kumbe nilikuwa nawaagiza wawanyang'anye watu maji," aliniambia.

Hatukuisuuza siku hiyo. Aliwaza usiku kucha, asubuhi akaniuliza kama kwetu bado tunapulizia kahawa dawa. Nilimwambia ndiyo, shambani kwa baba yangu, huko Tetu, tunapulizia. Akampigia mwanawe, akamtuma dukani, na ndege nyingine ya madaktari ikatuletea bomba jipya la mgongoni, lile la kupulizia kahawa, lisilowahi kuguswa na dawa.

Alimvika Kapteni mgongoni, akamkazia mikanda. Dumu moja la maji lilitosha. Alimfundisha kupuliza kwa ukungu mwembamba, akianzia chini, kwenye mapindo na vichwa vya ribiti, mahali magadi yanapojificha, kisha kufuta kwa kitambaa mara moja kabla jua halijayakausha. Sehemu pana za juu zingefutwa kwa kitambaa chenye unyevu tu. Yule muuguzi alishika ndoo chini kukinga matone. Wanawake waliotoka kisimani walisimama kumtazama rubani mwenye mvi akizunguka ndege kwa bomba la mkulima, na Mama akitembea nyuma yake, akiinama kila alipoinama.

"Hapo nyuma ya usukani wa boya umeruka," alimwambia.

Kapteni alirudi, akapuliza.